WhatsApp, Facebook, Instagram au TikTok: mwenye bando la wiki achague upi?

Mtoto wa dada yangu amemaliza chuo mwaka huu pale Nyegezi, hapa Mwanza. Ana mtaji wa kuokoteza na simu iliyopasuka kioo pembeni. Jumapili alikuja kwangu Kirumba, akala ugali na sato, akanawa, ndipo akatoa kilichomleta: "Mama mdogo, nataka kuuza vitenge. Nianzie mtandao upi?"

Nikamwambia anipe siku mbili. Mimi nauza dagaa na samaki wakavu soko la Mwaloni, huu ni mwaka wa kumi na moja, na mitandao yote minne nimeipitia, mingine kwa faida, mingine kwa kulipa ada ya ujinga. Haya ndiyo niliyomjibu. Nimeyarefusha kidogo kwa ajili ya wengine wenye swali kama lake.

X, ile iliyokuwa Twitter, siiweki kwenye mizani. Ilifungiwa nchini Mei 2025, na hata kabla ya hapo sikuwahi kupata mteja wa dagaa kule. Nilipata wabishi.

Unamtafuta nani?

Watu huuliza mtandao upi una watu wengi. Yote ina watu wengi kuliko utakaoweza kuwahudumia, kwa hiyo jibu lake halikufikishi popote. Jiulize hivi: unawatafuta wasiokujua, au unawatunza wanaokujua tayari? Hizo ni kazi mbili, na sijaona mtandao unaozifanya zote mbili vizuri. Anayekuletea mtu mlangoni si yule anayekusaidia kumkalisha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mitatu kati ya hii minne ni ya mwenyewe mmoja. Facebook ilianza 2004, ikainunua Instagram 2012, ikainunua WhatsApp 2014, na kampuni yenyewe tangu 2021 inaitwa Meta. Anayesema "nimechoka na Facebook, nimehamia Instagram" amehama chumba, nyumba ni ile ile. TikTok ndiyo ya watu wengine, ByteDance ya China.

WhatsApp na Facebook: bei ya leo na bei ya mwaka jana

Hapa ndipo nitakaa sana, maana hela yangu nyingi imepita hapa.

Dagaa bei yake inakwenda na mwezi. Wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikitoka, taa haivuti kitu, kambi zinalala, mzigo unapungua mwaloni na bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Sasa chukua stetasi ya WhatsApp: inakaa saa 24, inafutika. Asubuhi naweka bei ya leo, kesho yake naweka ya kesho, hakuna ushahidi wa kunisuta. Facebook haisahau. Niliwahi kuweka bei ya kipindi cha giza, nzuri kweli, nikaisahau. Miezi sita baadaye, katikati ya mbalamwezi, mwanaume wa Kahama ananipigia: "Mama, mbona umeandika hivi, leo unaniambia vile?" Nilieleza habari ya mwezi na taa mpaka salio lake likaisha. Hakununua. Tangu siku ile, Facebook naweka bidhaa na namba ya simu. Bei ya dagaa naiacha kwenye stetasi.

Lakini angalia: yule wa Kahama alinipataje? Kwa Facebook. Aliandika "dagaa Mwanza" kwenye kutafuta, nikatokea. WhatsApp haina kitu hicho. Mtu asiye na namba yako hakuoni, hata kama duka lake liko ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana nasema WhatsApp ni sebuleni. Anayeingia amekaribishwa, na akiingia mnaongea vizuri, lakini mpita njia hapati habari kwamba kuna kinachouzwa ndani.

Kwa ajili ya sebule hiyo, chukua WhatsApp Business, siyo ile ya kawaida. Ilitoka 2018, ni bure, na ina mambo matatu yanayofaa. La kwanza ni katalogi: picha na maelezo ya bidhaa yanakaa mahali pamoja, usiwe unatuma picha zile zile kwa watu arobaini. La pili, majibu ya haraka, maana maswali ya wateja ni yale yale ("mnatuma mikoani?"). La tatu ndilo ninalolipenda, lebo. Mimi nina nne: ameulizia, amelipa, mzigo njiani, anadaiwa. Ile ya nne naifungua kila Jumamosi nikiwa na kikombe cha chai na moyo mgumu.

Kuna mtego mmoja nilikaa nao karibu mwaka mzima. Orodha ya matangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 na kila mtu anaupata peke yake, inamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Mimi nilikuwa natuma kwa watu zaidi ya mia mbili, wananijibu kumi na wawili, nikadhani wamenichoka. Kumbe wengi hawakuwa wameusoma, kwa sababu haukuwafikia. Siku hizi mteja akishalipa namwambia: "Nisevu, andika Dagaa Kirumba." Nisipomkumbusha pale pale, hanisevu tena.

Na kama bidhaa yako ni ya chakula, picha haitoshi. Kila mtu ana picha ya dagaa weupe wanaong'aa, nyingine wamezitoa kwa mwenzao. Mimi narekodi video fupi. Nafungua gunia, namwaga dagaa juu ya turubai jeusi. Dagaa aliyekauka sawasawa ana mlio, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Mwenye unyevu anaanguka kimya. Halafu naingiza mkono mpaka chini ya gunia na kutoa wa chini, kwa kuwa kila mnunuzi anajua wazuri hupangwa juu. Mwisho nawakusanya, napitisha kiganja kwenye turubai. Walioanikwa mchangani wanaacha mchanga. Walioanikwa kwenye chanja wanaacha magamba tu. Video ile nikimtumia mama wa Dodoma ambaye hatujawahi kuonana, hapunguzi bei tena. Anauliza namba ya kulipia.

Facebook kwa upande wake ina watu wazima wenye hela za kawaida: walimu, mafundi, wenye maduka ya Geita, Sengerema na Shinyanga. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita tatu za maji ambazo tulizipangia foleni ya kivuko, gari linazivuka ndani ya dakika chache. Mteja wa Sengerema anayeniona Facebook asubuhi anaweza kula mboga yangu jioni. Tumia ukurasa wa biashara, usitumie akaunti yako binafsi, maana akaunti ya mtu inafika marafiki 5,000 na inagota. Makundi ya kuuza na kununua yanafaa pia, ila usibandike tangazo moja kwenye makundi ishirini kwa saa moja. Utaonekana mtuma taka, watakuzuia kuposti kwa siku kadhaa, na siku hizo ndizo mzigo unapokuwa mzuri.

Kuhusu hela, kabla sijaendelea

Mteja mmoja niliyempata mtandaoni, wa mkoa wa mbali, alinitumia picha ya muamala saa kumi na moja na nusu alfajiri. Basi linaondoka saa kumi na mbili. Picha ilikuwa na jina langu, kiasi, namba ya muamala, kila kitu mahali pake. Nikapakia magunia mawili. Salio nilikuja kuliangalia saa tatu, chai iko mezani, na halikuwa limeongezeka hata shilingi. Namba ya konda sikuwa nimeichukua. Magunia yangu yalikuwa yameshavuka Shinyanga.

Picha si hela, na ujumbe mfupi si hela. Hela ni salio ulilolifungua mwenyewe kwenye menyu. Ukitumia lipa namba ni vizuri zaidi, mteja anaona jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Namba ya tapeli unaituma 15040, ndiyo iliyowekwa kwa ajili hiyo. Hata zile "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke huko badala ya kuzicheka na kuzifuta. Piga pia *106# uone kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Na kwenye WhatsApp weka uthibitisho wa hatua mbili, PIN ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Mtu akikuomba "namba iliyoingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya", hakuna bahati mbaya yoyote pale. Anataka kuhamisha akaunti yako kwenye simu yake, na saa hiyo hiyo ataanza kuwakopa marafiki zako kwa jina lako.

TikTok na korongo

TikTok haijali una wafuasi wangapi. Inamwonyesha mtu kitu kutokana na anachopenda kutazama, kwa hiyo akaunti ya jana isiyo na rafiki hata mmoja inaweza kutazamwa na maelfu. Kwa kutafuta wasiokujua, hakuna unaoifikia.

Tatizo ni kwamba haichagui wanunuzi. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote haikuwa ya dagaa. Ni mimi, na ufagio, nikigombana na korongo, wale wakubwa wenye mfuko shingoni wanaotembea Mwanza kama wana hati za viwanja. Alikuwa amesimama katikati ya chanja anakula mtaji wangu taratibu. Kijana wa jirani akarekodi. Watu wakatoa maoni kutoka Nairobi, Kigoma, mpaka Muscat. Walionunua dagaa: wawili. Waliouliza habari za yule ndege na kama amepona ufagio: siwezi kuwahesabu.

Kwa hiyo TikTok ni nzuri kwa mwenye kitu kinachocheza mbele ya kamera. Fundi anayepaka rangi mtumbwi, mama anayekaanga samaki, msusi, kitenge kinachofunguliwa na kupeperuka. Anayeuza simenti, sijui. Na bando linaliwa vibaya mno. Kuna mahali pa kuokoa data kwenye mipangilio, iwashe siku ya kwanza.

Instagram

Nitasema machache, dagaa hawana sura ya Instagram. Lakini mpwa wangu anauza vitenge, na vitenge, keki, kucha na nyumba za wageni zenye dirisha linalotazama ziwa, mahali pake ni huko. Mnunuzi wa Instagram, hasa wa Dar es Salaam, anafungua ukurasa wako na kuutazama kama kabati la kioo: picha zikiwa na mwanga mmoja na mpangilio, anakuamini, zikiwa zimechanganyika na mialiko ya harusi, anapita. Kwenye wasifu weka kiungo cha wa.me/255 kikifuatiwa na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu akibonyeza anatua moja kwa moja kwenye WhatsApp yako, hana haja ya kunakili namba.

Nina ugomvi wangu na Instagram ya kwetu, niutoe hapa. "Bei njoo DM," yaani ukitaka bei umwandikie faraghani. Kwa nini? Mimi nina dakika tatu, nimekaa kwenye daladala ya kwenda Igoma, nataka kujua kama gauni naliweza au siliwezi. Unanifanya niombe bei kama naomba kazi. Wengi hawaji huko DM, wanakwenda kwa jirani aliyeandika. Nimeeleza kwamba dagaa bei zake zinahama na mwezi, sawa. Kitenge hakijui mbalamwezi.

Na urafiki je?

Hapa mizani inageuka. Kwa urafiki, ule mtandao unaoleta wageni wengi ndio wenye faida ndogo. TikTok utatazamwa, hutafanya rafiki, au mimi sijafanya. Instagram unaona marafiki zako wamevaa nini, siyo wanaendeleaje.

WhatsApp ndiyo inayobeba urafiki wa kweli kwa watu wa huku, na inaubeba kwa sauti zaidi kuliko kwa maandishi. Shangazi yangu yuko Nansio, Ukerewe. Kusoma anasoma kwa shida, lakini kila Jumatano ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Mwangaluka mayu," salamu ya Kisukuma, halafu habari zote, nyuma yake jogoo, ndoo, mtu anamwita mtu. Nikiusikiliza jioni nikifunga banda nakuwa kama nimefika. Sijui ni mtandao gani mwingine ungemweka mwanamke wa umri ule karibu nami bila kumdai kalamu.

Makundi ni habari nyingine. Kundi la WhatsApp siku hizi linabeba hadi watu 1,024, na kadiri linavyojaa ndivyo urafiki unavyopungua. Tulifiwa mwaka juzi. Kundi la msiba likafunguliwa, michango ikawa inaandikwa, jina na kiasi, jina na kiasi, katikati yake mtu akatupia tangazo la viatu vya mtumba. Hakuna aliyemjibu. Admini hakumtoa, ila nina hakika hakuna aliyenunua viatu vile hadi leo. Kundi la familia, la jumuiya, la msiba: usiuze humo. Unataka wakujue unauza nini? Weka stetasi. Anayetaka ataangalia, asiyetaka hatajua kwamba amekukwepa.

Facebook ina kazi moja ya urafiki ambayo WhatsApp haiwezi: kuwafufua waliopotea. Niliyekaa naye dawati moja sekondari tulipotezana miaka kumi na tisa. Namba zilibadilika, akaolewa, akahama. Facebook ikamleta kwa jina lake la shule, alikuwa Tunduma. Wiki ya kwanza tulicheka tu. Mwezi wa pili akauliza, "Hivi dagaa wa huko wanauzwaje?" Leo ndiye mteja wangu mkubwa kuliko wote, anavusha mzigo kwenda Zambia.

Jambo hilo si la bahati yangu peke yangu. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Kati yao, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walimwona mara moja moja, na wengine kwa nadra sana. Sababu yake ni rahisi ukiifikiria ukiwa Mwaloni: rafiki zako wa kila siku wanajua unachokijua wewe, wako kwenye banda la pili. Wa Tunduma anajua ya Tunduma.

Ila rafiki akigeuka mteja, lebo ya "anadaiwa" inakuwa nzito maradufu. Wa Tunduma tulikubaliana mapema, kwa ujumbe wa sauti ambao bado ninao: nusu kabla mzigo haujapanda gari, nusu ukifika. Yeye ndiye aliyelianzisha hilo, na nilimpenda zaidi.

Daftari

Mtandao wa tano ni daftari la kaunta. Intaneti ilipozimwa nchi nzima Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na kukaa hivyo siku kadhaa, katalogi, lebo na wafuasi wangu wote walikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa na magunia tisa na namba za wateja kumi na saba zilizoandikwa kwa kalamu. Hao kumi na saba ndio niliowapigia simu ya kawaida. Sasa kila mteja mpya namwandika: jina, namba, mji, anapenda dagaa gani.

Nilichomwambia

Kwa vitenge, na bando lake la wiki, asifungue minne. Instagram iwe kioo cha mbele, WhatsApp Business iwe kaunta. Facebook aifungue akifika mwezi wa tatu, TikTok siku atakayopata mtu wa kumrekodi. Angekuwa anauza samaki ningemwambia aanze na Facebook na WhatsApp, Instagram aisahau. Kama ana wateja thelathini tayari wa chuoni, WhatsApp peke yake inamtosha hadi Krismasi.

Alisikiliza, akachukua daftari nililomnunulia, akaondoka. Jana kaposti kitenge cha kwanza: amekitandika juu ya jiwe kule Capri Point, mwanga wa saa kumi na moja jioni, ziwa nyuma, picha ya kupendeza kweli. Chini yake kaandika, "Bei njoo DM."

Nimempigia simu.